Buni Tatu Ndani ya Sanduku la Chatu

Jumatatu moja asubuhi nilikuta buni tatu ndani ya sanduku la nyoka. Hazikuwa buni mbichi za kuanika. Zilikuwa za kutafuna, zile tunazozichemsha na majani yenye harufu, tukazikausha, tukamwekea mgeni kiganjani kabla hata hajaulizwa habari za safari. Kwetu tunaziita akamwani. Zilipangwa mstari pembeni mwa bakuli la maji, na chatu mdogo alikuwa amejikunja upande wa pili, hana habari nazo.

Nyoka hatafuni kahawa. Hilo hata mimi wa darasa la tatu nalijua. Kwa hiyo ziliwekwa na mkono wa mtu, na mkono huo uliingia nyumbani kwangu, ukafungua kifuniko nilichokifunga mwenyewe, kisha ukakifunga tena vizuri kama nilivyokiacha. Nilizitoa kwa koleo, nikazitia kwenye bahasha, bahasha nikaificha chini ya godoro. Sikumwambia mtu.

Nieleze kwanza habari zangu, maana mtu anaweza kudhani mimi ni bibi mwoga wa uchawi. Mimi nilianza na dagaa. Nilizibeba kichwani kutoka ziwani hadi Izigo, nikauza kwa kikombe mlango hadi mlango. Kutoka dagaa nikahamia misumari, kutoka misumari nikahamia mabati, na leo nina duka Muleba na kibanja changu cha migomba na kahawa ambacho hakuna mwanamume aliyenirithisha. Wanaume wa ukoo walisema mwanamke hanunui kibanja. Nilinunua. Nimeuziwa mabati membamba nikaambiwa ni mazito. Nimepimiwa kahawa kwenye mzani ambao mwenyewe ameukanyagia kidole. Kila aliyeniibia alianza kwa kunichekea. Kwa hiyo kushuku si ugonjwa wangu, ni kazi yangu. Hii nyumba ya matofali nimeijenga kwa kushuku.

Nyoka ni wa binti yangu, kitindamimba. Yeye alisoma, akasoma, halafu mwisho wa kusoma kote huko akaamua kufuga nyoka. Ana kibali cha watu wa wanyamapori. Ana chatu wawili wakubwa mjini Bukoba, anawatumia kufundisha wanafunzi wasiue kila kitu kinachotambaa. Huyu mdogo alitoka Ngenge. Watu walikuwa wanasafisha pori wapate shamba, wakachoma moto, chatu jike akauawa juu ya mayai yake. Binti yangu alipopata habari alikwenda akayaokota mayai, akayatunza kwenye joto, na katika yote lilianguliwa moja tu. Ofisi ikamruhusu amlee, lakini kwa masharti: watakuja kumwangalia. Akiwa mzima na ananenepa, kazi inaendelea. Akifa kwa uzembe, kibali kinaondoka, na wale wawili wakubwa nao wanachukuliwa.

Sasa binti yangu akaumwa mgongo. Akaambiwa aende Mwanza kupasuliwa, alale huko miezi miwili. Wale wakubwa aliwaacha kwa mwenzake wa kazi, wao wanaweza kukaa muda mrefu bila kula. Huyu mdogo anataka mtu wa kumwangalia kila siku. Mume wake hafai, yule anaogopa hata mjusi wa ukutani. Nikasema mlete kwangu.

"Mama, utaweza?"

"Nimelea nyinyi watano, nitashindwa na kamba ya viatu?"

Alicheka huku ameshika mgongo. Akaweka sanduku la kioo kwenye chumba cha pembeni, akafunga taa ya joto upande mmoja, akaweka kigae cha kujifichia, na bakuli zito ambalo halipinduki. Bakuli lenyewe lilikuwa la mbwa, alilinunua dukani mjini.

"Kazi ni mbili tu, Mama. Maji na chakula. Usiongeze ya tatu."

Maji: bakuli lioshwe na kujazwa maji mapya kila siku, liwe pana kiasi kwamba akitaka anaingia mwili mzima na kulala humo. Chakula: panya mmoja mdogo kila wiki, aliyekufa tayari, aliyegandishwa. Unamwacha ayeyuke, unampasha kwenye maji ya moto mpaka awe na joto kama la panya hai, unampa kwa koleo. Akishameza usimguse siku mbili, atatapika. Macho yakifanya ukungu wa bluu, anataka kujivua gamba, usimlazimishe kula, ila hakikisha maji yapo na hewa ya sandukuni ina unyevu. Na kila Jumapili nimpime kwenye ule mzani wangu mdogo wa kupimia vanila, niandike.

Haya yote aliyaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa ajili yangu. Niliyasoma taratibu, nikayashika. Nikishika kitu sikiachi.

Wakati anaeleza, wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, mzee kuliko mimi, tunaishi wawili. Mimi nina duka, yeye ana ng'ombe. Ng'ombe ni wangu lakini ukisema hivyo mbele yake atakununia. Alimwangalia yule nyoka muda mrefu, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaondoka bila kusema neno. Siku ile hakula chakula cha jioni na mimi. Nikajua: huyu hamtaki. Hilo nikaliweka akilini.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Alikula panya wake kwa kumrukia na kumzungushia mwili, ingawa panya mwenyewe alikwishakufa siku nyingi. Na alikunywa. Sikujua kama nyoka anakunywa namna ile. Halambi kama paka. Anaweka mdomo ndani ya maji, anatulia, halafu unaona taya zinajazana na kulegea, kujazana na kulegea, kama mtoto kwenye ziwa la mama. Nilivuta kigoda nikamtazama mpaka nikachelewa kufungua duka.

Alama niliweka tangu siku ya kwanza. Nilichukua msumari wa inchi nne nikakwaruza mstari ndani ya bakuli, maji yakafika pale. Nilitaka kujua anakunywa kiasi gani. Mtu anayelishwa kwangu lazima nijue anakula nini.

Wiki ya tatu mambo yakageuka.

Kwanza maji. Asubuhi nilijaza mpaka kwenye mstari, nikaenda Muleba. Niliporudi mchana maji yalikuwa juu ya mstari. Juu, si chini. Nilipiga magoti nikaangalia vizuri. Maji hayapandi yenyewe, hata ziwa hupanda kwa mvua. Nikasema labda nilikosea. Kesho yake nikajaza kwa uangalifu, jicho kwenye mstari kama ninapopima saruji. Mchana yalikuwa juu tena, upana wa kidole.

Pili magazeti. Chini ya sanduku tulitandika magazeti. Mimi kusoma gazeti lote ni kazi ya siku nzima, lakini picha nazijua. Asubuhi nilitandika ukurasa wenye picha ya mchezaji mpira ameruka juu. Mchana nyoka alikuwa amelalia picha ya bwana mmoja mwenye tai, anakata utepe. Na sanduku lilikuwa safi, safi mno, linanukia sabuni. Nyoka anakula lakini hanyi? Usafi ule ulinitia shaka kuliko uchafu.

Tatu yeye mwenyewe. Ngozi ilianza kufanya mikunjo ubavuni. Macho yakabonyea kidogo. Alijivua gamba, lakini halikutoka zima kama soksi, lilitoka vipande vipande kama rangi mbovu ya ukuta, na kipande kimoja kikabaki mkiani. Panya wa wiki ile alimmeza akamtapika. Wa wiki iliyofuata hakumtazama hata kidogo. Jumapili nikampima: amepungua gramu ishirini. Kwa mtu si kitu. Kwa nyoka aliye kama mshipi wa mtoto, hiyo ni sehemu ya uhai.

Na binti yangu akapiga simu kutoka kitandani.

"Mdogo wangu anaendeleaje?"

"Ananenepa."

"Anakunywa?"

"Anakunywa kama mzungu."

Akacheka, akasema ahsante Mama, sasa nalala bila wasiwasi. Sijazoea kumdanganya mtu wangu.

Ndipo ikaja ile Jumatatu ya buni tatu.

Nikaanza kuhesabu watu. Wa kwanza ni jirani yangu wa chini, ambaye kila mwaka miti ya mpaka inahamia kidogo upande wangu, ati imeota yenyewe. Huyo anajua kibanja changu, anajua saa zangu. Lakini mbwa wangu humbwekea mpaka koo likauke, na siku hizo mbwa hakubweka. Wa pili ni wale kinamama wa jumuiya, ambao tangu waliposikia habari za nyoka waliruka zamu ya kusali nyumbani kwangu, wakasema wamesahau. Lakini watu wanaoogopa kuingia sebuleni hawawezi kufungua sanduku. Wa tatu ni muuza panya wa Bukoba, anayetuuzia chakula cha nyoka. Huyo nilimpa uzito. Mtu akikuuzia panya mgonjwa, nyoka atatapika, na hapo sihitaji kutafuta zaidi. Maji, magazeti na buni hilo halikuyaeleza, lakini mtu mwenye hasira haulizi maswali yote.

Jumanne nikamtia nyoka kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko kwenye kikapu, kikapu kwenye kiti cha mbele cha pikapu yangu, tukaenda Bukoba mimi na yeye.

Yule bwana anafuga panya weupe na sungura nyuma ya nyumba yake, si mbali na soko. Ni Mwislamu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku. Anaongea Kihaya kama sisi, ila akitaka kukuuzia kitu Kiswahili chake kinakuwa kitamu ghafla. Nilianza kabla ya salamu.

"Panya wako ni wagonjwa."

"Bi mkubwa! Karibu kwanza. Shikamoo."

"Marahaba. Panya wako ni wagonjwa."

"Panya wangu hawa? Hawa wanakula mahindi mazuri kuliko mimi na mke wangu."

"Nyoka wa binti yangu mmoja kamtapika, mwingine kamkataa."

"Umekuja naye?"

Nikafungua mfuko. Alimtoa kwa mikono miwili, polepole, akamshika bila kumbana. Akavuta ngozi kidogo ubavuni kwa vidole, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama.

"Unaona? Huyu hajakosa nyama. Hana maji mwilini."

"Bakuli limejaa. Limejaa kupita nilivyolijaza!"

Akaniangalia. "Maji yanaongezeka yenyewe?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Kwa hiyo mimi naamka alfajiri, natoka Bukoba, nakuja Izigo kumjazia nyoka bakuli, kisha narudi kulisha panya?"

Mke wake alicheka nyuma ya pazia. Mimi sikucheka.

Akanusa ule mfuko wa kitambaa. Akaunusa tena, akanisogezea.

"Nusa, Bi mkubwa."

"Sinusi mfuko wa nyoka."

"Nusa. Mimi nimeitwa mwizi asubuhi yote hii, wewe kunusa tu unashindwa?"

Nikanusa. Palikuwa na alama ya choo cha nyoka, majimaji, na harufu yake ilikuwa ya mtindi uliochacha.

"Huyu anapewa maziwa," akasema. "Nyoka hana tumbo la maziwa. Akiwa na kiu atayanywa, kwa sababu ndiyo yaliyopo, halafu anaharisha, na kuharisha kunatoa maji yote mwilini. Na bakuli likishaingiwa na harufu hiyo, hata ukitia maji safi hayanywi. Ng'ombe anakamwa na nani kwako?"

Nilimwambia muuza panya lazima awatetee panya wake, nikafunga mfuko. Yeye hakukasirika, hilo ndilo lililoniuma. Alinifuata mpaka kwenye gari akanieleza la kufanya: beseni lenye kifuniko cha matundu, maji ya vuguvugu yasiyopita mgongo wake, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, siku kadhaa. Asipewe panya mpaka ngozi ilale. Kisha aanze na panya mdogo kabisa.

"Na ukichelewa wiki moja," akasema, "usije kwangu na hasira. Njoo na jembe umzike."

Njia nzima ya kurudi nilihesabu mikono. Kwangu kuna ng'ombe mmoja na mtu mmoja anayemkama. Lakini mkono huo sikutaka kuuhesabu. Mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa kikao waniondoe kwenye nyumba ya kwanza niliyokuwa naishi. Wifi ndiye aliyesimama mbele ya kaka zake, peke yake, akasema huyu akiondoka na mimi naondoka naye. Ningeweza kuishuku dunia nzima kabla yake. Hata hivyo nilikumbuka alivyofunga kanga siku ile nyoka alipokuja, na chakula alichokikataa. Mtu akichukia kitu, atakiua polepole, kwa upole. Nimeona hivyo kwenye biashara.

Jioni ile nilimwogesha nyoka mwenyewe, mlango nimefunga kwa ufunguo. Wifi aliuliza nafanya nini. Nikasema nasali.

Jumatano asubuhi nilijaza bakuli, nikafungua mlango makusudi, nikavaa viatu vya dukani, nikamuaga wifi. Niliwasha pikapu, nikaendesha mpaka kona, nikaiacha hapo. Nikarudi kwa miguu kupitia kwenye migomba, nimeshika viatu mkononi, kama mwizi kwenye kibanja nilichokinunua mwenyewe. Nikasimama kwenye dirisha la chumba cha pembeni, nyuma ya mgomba.

Sikungoja sana. Wifi aliingia. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akapiga magoti mbele ya sanduku, ndiyo, alipiga magoti, na magoti yake mabovu yale anayoyalalamikia kutwa. Akafungua kifuniko. Akatoa bakuli la mbwa, akamwaga maji dirishani, yakanimwagikia miguuni, sikutikisika. Akaweka bakuli la mti, lile dogo la zamani la mama yake ambalo hata mimi siruhusiwi kuligusa. Akamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu. Akatoa buni kwenye kikapu chake kidogo cha kusuka, moja, mbili, tatu, akazipanga. Kisha akaanza kuongea naye kwa Kihaya, kwa sauti ile ya kumpokea mkwe, anamwita waitu, neno letu la heshima.

"Waitu, mgeni wetu, utusamehe. Huyu mwenye nyumba si mbaya, ni shughuli tu. Hajui. Usiondoke na hasira, usituachie nyumba tupu."

Nilikuwa nimejiandaa kukamata mwuaji. Nikajikuta nimekamata mtu anayeniombea msamaha kwa nyoka.

Niliingia. Alishtuka, akashika meza.

"Wifi, unafanya nini?"

"Wewe si umekwenda Muleba?"

"Nimerudi. Unafanya nini?"

Akainuka taratibu, akajipangusa magoti. Na badala ya kuogopa, akanikasirikia.

"Nafanya ulichopaswa kufanya wewe. Kwa babu yetu, chatu akiingia kwenye mji ni mgeni. Anatandikiwa nyasi, anawekewa maziwa, anaambiwa karibu. Wewe umemleta mwenyewe ndani, mtoto mdogo asiye na mama, mama yake kachomwa moto, halafu unampa maji ya bomba kwenye bakuli la mbwa! La mbwa, wifi! Nililia siku ile. Hata chakula hakikupita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema mimi mshamba. Wewe ukishashika karatasi ya mtoto wako nani atakuambia kitu? Nikasema nitampa haki yake asubuhi, kabla hujarudi natoa, naosha, narudisha maji yako, ila siku moja nilisahau buni."

"Na uchafu wake?"

"Nafuta. Alikuwa anaharisha, nikajua ni aibu ya mgeni, haitangazwi."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamtoa nyoka, nikavuta ngozi yake kidogo mbele ya macho ya wifi kama muuza panya alivyonionyesha. Ngozi ikasimama.

"Anakufa kwa maziwa yako," nikamwambia. Mimi sijui kusema kwa kuzunguka. "Akifa, mtoto anapoteza kibali na kazi. Ngozi yake mwenyewe imeshonwa mgongoni kule Mwanza, halafu arudi akute sanduku tupu."

Wifi akaliangalia lile bakuli la mama yake, akanywa yale maziwa mwenyewe, yote, akiwa amesimama, akafuta mdomo kwa kanga.

"Basi maji," akasema. "Lakini si ya bomba. Na bakuli la mbwa sitaki kuliona."

Tukakubaliana maji ya mvua, kutoka kwenye pipa lililo chini ya mabati yangu mwenyewe, ndani ya chungu kipana kipya kisicho na harufu ya kitu. Kigumu kilikuwa beseni. Aliona kumtia mgeni kwenye beseni la kufulia ni kumdhalilisha. Lakini yeye ndiye aliyepima joto la maji kwa kiwiko, kama anavyopima ya kumwogeshea mtoto mchanga, na alikuwa anapima vizuri kuliko mimi. Asubuhi nusu saa, jioni nusu saa. Siku mbili za kwanza nyoka alikaa tu ndani ya beseni, kichwa juu, hafanyi lolote. Nilifungua ile karatasi nikaisoma tena yote nikitafuta nilichokosea. Sikukiona.

Nakiri kwamba siku hizo mbili bado nilikwaruza mstari kwenye chungu. Wifi aliuona. Akasema, "Endelea kupima, askari." Na chumba nilifunga kwa ufunguo. Hilo nalo aliliona.

Siku ya tatu jioni, nyoka alishusha kichwa. Akaweka mdomo majini. Tukamwona wote wawili, taya zinajazana na kulegea, kujazana na kulegea, muda mrefu mpaka nikaogopa atapasuka. Wifi alinishika mkono akaubana, na mimi sikuuondoa. Usiku huo ufunguo niliuacha mlangoni.

Ngozi ilianza kulala. Kile kipande cha gamba kilichobaki mkiani kilitoka chenyewe ndani ya beseni. Baada ya wiki nikarudi Bukoba kwa yule bwana. Nilichukua panya wadogo wengi kuliko niliohitaji, na bei aliyosema nikaitoa bila neno.

"Bi mkubwa, leo unaumwa?"

"Siumwi."

"Hujaomba hata nipunguze."

"Fungasha panya."

Akafungasha, anatabasamu. Alielewa, na mimi nilielewa kwamba ameelewa, yakaishia hapo.

Panya wa kwanza nyoka alimchukua kutoka kwenye koleo bila kusita, na hakumtapika. Wifi alitaka kupiga kigelegele, nikamziba mdomo, maana karatasi ilisema asishtuliwe akila. Jumapili nikampima kwenye mzani wa vanila: zile gramu zimerudi karibu zote. Jumapili ya pili zimerudi na nyingine juu. Macho yakafanya ukungu wa bluu, tukanyunyizia maji sandukuni, tukamwacha, na asubuhi moja tukakuta gamba zima, refu, limegeuzwa kama soksi, hata vifuniko vya macho vimo.

Binti yangu alirudi akitembea kwa fimbo, amepungua kuliko nyoka. Mkaguzi wa wanyamapori angekuja kesho yake. Hakukaa hata kidogo, alikwenda moja kwa moja chumba cha pembeni. Alimtoa, akamgeuza, akamvuta ngozi ubavuni. Ngozi ikalala papo hapo. Akampima, akasoma namba zangu kwenye daftari, akazisoma tena. Mle ndani nilikuwa nimeandika kila kitu kwa ukweli, hata wiki ya gramu ishirini, kwa sababu daftari silidanganyi.

"Mama, hapa alishuka. Nini kilitokea?"

"Maji. Tukarekebisha."

"Na bakuli langu liko wapi?"

"Limevunjika," akasema wifi kutoka mlangoni. Nililiona baadaye, analitumia kunyweshea kuku.

Binti yangu alitutazama kwa zamu. Macho ya kushuku yale ameyarithi kwangu, siwezi kumlaumu. Akainua kigae cha kujifichia akaanza kupekua chini yake kwa vidole, polepole, mpaka akatoa kitu kidogo cheusi, akakishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama. Buni inafanya nini kwenye sanduku la chatu?"

Nikatazama mlangoni. Wifi alikuwa ameshika kikapu chake kidogo kifuani, kwa mikono miwili. Tulikubaliana kuhusu maziwa. Kuhusu buni hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakuahidi.

"Ni yangu," nikasema. "Iliniponyoka nikimlisha."

Nikaichukua kiganjani mwa binti, nikaifuta kwenye kanga, nikaitia mdomoni, nikaitafuna.

Binti yangu akisoma haya, atajua buni ilikuwa ya nani.